Siku Tulipopitisha Chumvi Kwenye Bulevari

Mimi nimepita katikati ya bulevari ya Uvira na gunia la chumvi mgongoni, jua likiwa juu na bendi ikipiga, na mkuu wa mji akanipigia saluti. Wako wasomi wa mji huu, wenye vyeti ukutani na viatu vya ngozi, ambao hawajawahi kupata hata nusu ya heshima hiyo. Nalisema mapema ili msomaji asije akadhani nimemkalisha hapa kumsimulia vilio. Vita vilikuwepo, njaa ilikuwepo, na machozi tuliyamwaga ya kutosha. Lakini siku ile tulishinda, na mimi nina haki yangu ya kujivuna.

Kwanza niieleze bulevari yenyewe, maana mgeni akiiona leo atasema ni barabara tu. Inatoka upande wa bandari ya Kalundu, inafuata mguu wa mlima kwenda kaskazini, inavuka mto Kalimabenge kwa daraja, inaupasua mji na kufika soko la Mulongwe. Mlima uko kushoto, ziwa liko kulia. Wabelgiji waliipandia michikichi pande zote mbili, wakaijengea nyumba za veranda pana. Tulipokuwa wadogo tuliamini kwamba Ulaya yote inafanana nayo.

Wakati wa vita vya pili vya nchi yetu, alama zake kubwa zilikuwa bado zimesimama, ila kila moja ilikuwa na kilema chake. Palikuwa na posta isiyo na barua. Palikuwa na benki yenye mnyororo mlangoni na majani yaliyoota kwenye ngazi, na kituo cha petroli ambapo wamama waliuza mihogo ya kuchoma kwa sababu petroli haikuonekana tena. Kanisa kubwa la Wakatoliki lilikuwa na bati lililotobolewa na risasi, na msikiti wa wafanyabiashara wa ziwani, ambao mababu zao walikuja na biashara ya zamani, ulikuwa umepoteza vioo vyote. Katikati ya yote palikuwa na mzunguko wa barabara wenye nguzo ya saruji. Juu ya nguzo hapakuwa na kitu. Kila jeshi lililoingia mjini liliondoa kile kilichowekwa na jeshi lililotangulia, likapaka nguzo rangi yake, kisha likafukuzwa kabla sanamu yake haijafika. Sisi tulikumbuka tawala kwa rangi. Mtu alisema, “Mutoto wangu alizaliwa wakati wa kijani,” na kila mtu akaelewa.

Wakati ninaousimulia ulikuwa wakati wa nyeupe. Mkuu wa mji wa siku zile aliwekwa na jeshi lililokuwa limetushika, na jambo moja ni lazima nimpe haki yake: alipenda usafi. Alipaka chokaa mashina ya michikichi. Alipaka chokaa mawe ya kando ya lami. Kisha akatazama bulevari yake nyeupe, akawaona wanawake wabebaji wakipita na magunia, migongo imepinda, kamba ya mzigo imekaza kwenye paji la uso, jasho likidondoka kwenye lami. Akasema tunaharibu uso wa mji. Tangazo likasomwa redioni: mbebaji yeyote mwenye mzigo mgongoni asionekane kwenye bulevari. Kata pua uunge wajihi, wahenga walisema, lakini pua iliyokatwa ilikuwa yetu.

Magari hayakuwepo, msomaji aelewe hilo. Bulevari ilikuwa tupu. Mbuzi walilala katikati ya lami na kucheua, na hakuna aliyewaambia kwamba wanaharibu uso wa mtu.

Mimi na mama yangu tulikuwa wabebaji. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na nilikuwa nimesoma sekondari mpaka mwaka wa nne, vita vilipofunga shule nikashika kamba. Mama alibeba tangu ujana wake. Alizaliwa milimani, upande wa Lemera, ambako njia ni nyembamba na watu hutembea mmoja nyuma ya mwingine, naye ndiye aliyekuwa mkubwa wetu kwa umri. Kwa wabebaji hilo lina maana. Mkubwa hutangulia, wengine hufuata kwa mstari, na hakuna anayempita. Mwendo wake ndio mwendo wa wote. Ukishainua mzigo husimami mpaka pa kuutua, kwa sababu kusimama na kuanza upya huumiza kuliko kutembea. Hizo ndizo sheria zetu. Hazikuandikwa popote, na tulizishika kuliko zile za redioni.

Baada ya tangazo lile, askari waliweka mti wa kuzuia njia pale bulevari inapoanzia upande wa Kalundu. Mbebaji akifika aligeuzwa kulia, kwenda njia ya nyuma, kando ya ziwa. Aisifuye mvua imemnyea, na sisi njia ile ilitunyea barabara. Mchanga ulimeza mguu mpaka kwenye kifundo. Mto Kalimabenge ulivukwa mdomoni mwake, bila daraja, maji yakifika kiunoni wakati wa mvua, na mawe ya chini yakiteleza. Ng'ambo ya mto kulikuwa na askari wengine, wenye njaa kama sisi, nao walichovya mkono katika kila mzigo. Ukimfikishia mwenye mali gunia lililopungua, ni wewe uliyeitwa mwizi.

Mwezi wa pili baada ya tangazo mama alianguka mtoni. Alikuwa na gunia la chumvi. Tulimtoa akiwa hai, lakini gunia lilitoka jepesi, chumvi yote imekwenda ziwani, na goti lake la kushoto lilivimba mpaka likawa nene kuliko paja. Alilala siku tisa. Siku ya kumi akafunga goti kwa kitambaa, akachukua kamba yake. Nilimwambia apumzike.

“Tukipumzika, batoto bale nini?” akaniuliza. Nyumbani kulikuwa na watoto watano, wadogo zangu wawili na yatima watatu wa dada yangu. Nikachukua kamba yangu.

Niliona wazi kilichokuwa kinakuja. Mvua kubwa za masika zilikuwa zinaanza. Mama akivuka mto ule msimu mmoja zaidi, goti lile lingemalizika, au angemalizika yeye mwenyewe. Kama angepita bulevari, kwenye lami na daraja, angeweza kubeba miaka mingine. Kati ya mama yangu na maisha palikuwa na mti mmoja uliolazwa njiani na chokaa kidogo.

Sasa tuje kwenye sikukuu. Mwezi wa tatu, tarehe nane, ni siku ya wanawake, na kwetu siku hiyo haiendi bila defile, gwaride letu la mji. Vita viwepo visiwepo, wanawake lazima wapite mbele ya tribini, lile jukwaa la wakubwa, kundi kwa kundi: wauguzi, walimu, wauza samaki, washonaji, kila kundi na kitenge chake na bango lake. Wakubwa husimama kwenye tribini na kupiga saluti. Anayepita hugeuza kichwa kulia kuwatazama. Ukishapita mbele ya tribini, umeonekana, mwaka mzima utasema, “Tulipita.” Sisi wabebaji hatukuwahi kupita. Kazi yetu siku hiyo ilikuwa kubeba viti vya wakubwa na kuvirudisha.

Mwaka ule makundi yaliandikishwa na mwalimu mmoja wa kike, mwanamke mwembamba, mpole, aliyekuwa amenifundisha hesabu zamani. Alikuja sokoni na daftari lake na kusoma maagizo ya ofisi.

“Bamama, musikilize. Kila kundi ikuye na chombo ya kazi yake. Mushonaji alete mashini, muuguzi alete sindano. Batu baone mwanamuke iko natumika kazi.”

Nikainua mkono. Mimi nina ulimi, sikatai.

“Mwalimu, na babebaji?”

“Babebaji gani?”

“Sisi hapa. Tuandike.”

Alinitazama, akawatazama wenzangu waliokaa juu ya kamba zao, akaandika. Nilimwona akiandika bila kufikiri, na mimi nikapata furaha mbaya, ile ya mtu aliyeona mlango umesahauliwa wazi. Chombo cha mbebaji ni nini? Kamba peke yake si kitu. Chombo chetu ni mzigo.

Nilipowaeleza wenzangu, wengine waliziba mdomo. Mmoja akaniambia, “Weye mutoto, unataka batufunge siku ya sikukuu?” Nikasema wakitufunga, watatufunga kwa kutii agizo lao wenyewe, na hiyo itakuwa raha ya kusimulia. Hawakucheka. Wote wakamgeukia mama, maana bila yeye hakuna mstari.

Mama alikuwa anakanda goti lake. Hakunitazama. Nikaanza kuogopa kwamba nimemwaibisha.

“Hii goti yangu haitamaliza mvua ingine mu ile mto,” akasema. “Tutapita.”

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Tukaanza kutafuta mzigo wa kweli, kwa sababu mama alikataa katakata kubeba magunia ya majani. Alisema hajawahi kudanganya mgongo wake. Hapo ndipo alipoingia mzee wa duka, Mwislamu mmoja mwenye ghala karibu na soko la Mulongwe, ambaye babu zake waliuza pembe na chumvi kwenye ziwa hili kabla Mbelgiji hajajua lilipo. Chumvi yake ilikuwa imefika Kalundu kwa boti kutoka Kigoma, zaidi ya magunia hamsini, na ilikuwa imekaa bandarini wiki mbili. Hakuthubutu kuipitisha njia ya nyuma. Mto ungekula nusu, askari wangekula nusu nyingine.

Mama alimwendea na kumwambia, “Baba, chumvi yako tutaipitisha mu defile.”

Mzee alivua kofia yake. Akacheka mpaka akakohoa, akafuta macho kwa pindo la kanzu, akacheka tena. Kisha akaacha kucheka na kumtazama mama kwa makini.

“Mama, mbele ya tribini?”

“Njia ni moja tu.”

“Basi Mungu awashike mukono,” akasema. “Na miye nitasimama ku mulango ya ghala, nione na macho yangu.”

Siku kumi na tano tulifanya mazoezi katika uwanja wa shule, na mwalimu wao nilikuwa mimi. Nilijiona mkubwa sana. Niliwapanga wanne wanne, kama nilivyoona kwa wauguzi. Niliwafundisha kurusha mikono, jambo lililowashinda mwanzoni, kwa sababu mikono ya mbebaji huzoea kushika kamba na hawakujua waipeleke wapi. Niliwafundisha amri kubwa: nikipaza sauti “Kichwa kulia!” wote wageuze vichwa kuelekea tribini kwa pamoja. Tulirudia mpaka shingo zikauma. Siku ya mwisho waligeuza vichwa vizuri hata askari waliokuwa wanapita nje wakapiga makofi. Nilikwenda kulala nikijua kwamba sijaacha kitu.

Msomaji mwenye akili amekwisha kuona nilichoacha. Mimi, mwenye sekondari ya miaka minne, sikukiona.

Siku yenyewe ilipambazuka bila wingu, na kwa mbebaji wa chumvi hiyo ni baraka ya kwanza. Tulikuwa zaidi ya wanawake hamsini bandarini Kalundu, tumevaa vitenge vyetu vya kila siku vilivyofuliwa na kupigwa pasi ya makaa. Wengine hawakuwa na viatu. Bango letu nililiandika mwenyewe kwenye shuka: WANAWAKE WABEBAJI WA KALUNDU. Tulilifunga kwenye gunia la mama, likamfunika mgongo wote. Kisha tukainamiana, mmoja akimsaidia mwenziwe, tukavuta kamba kwenye mapaji, tukasimama.

Na palepale wanne wanne yangu ikafa. Nilipaza sauti, nikaita mistari, nikamsukuma huyu na yule. Hakuna aliyesikia. Mzigo ulipokaa mgongoni, miguu ilikumbuka sheria yake yenyewe: mama akatangulia, wa pili akaingia nyuma yake, wa tatu nyuma ya wa pili, na mimi mwenyewe, niliyekuwa napiga kelele, nikajikuta nimeshaingia nafasi yangu ya kila siku, nyuma ya mama. Tukaondoka mmoja mmoja kama tunakwenda kazini.

Kwenye kizuizi askari alituona akashika bunduki yake vizuri.

“Nyinyi! Kulia!”

“Shefu, tuko ku defile,” nikasema kutoka chini ya gunia langu. “Soma bango.”

Alisogea ubavuni mwa mama, akasoma polepole, midomo ikicheza. Makundi mengine yalikuwa yamepita mbele yetu, na ya nyuma yalikuwa yanaimba. Orodha yake ilikuwa na jina letu, kwa mwandiko mzuri wa mwalimu wa hesabu. Alikuna kichwa, akainua mti. Nilisikia lami chini ya nyayo zangu, ngumu, sawa, na moto kidogo, na nusura nicheke kwa sauti.

Bulevari ilikuwa imejaa watu pande zote. Waliketi kwenye ngazi za benki, walipanda ukuta wa posta, vijana walining'inia kwenye michikichi na kutoka na chokaa kwenye mapaja. Wauguzi walipita, wakashangiliwa. Washonaji walipita na mashine moja iliyobebwa na watu wawili. Halafu tukaingia sisi, na kelele zikapungua.

Watu hawakujua wafanye nini. Walituona kila siku ya maisha yao, lakini hawakuwahi kututazama. Sasa tulikuwa tunakuja mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa na nafasi yake peke yake ya kutazamwa, na mstari wetu ulianzia karibu na kanisa na mkia wake ulikuwa bado haujavuka daraja. Kundi la wanne wanne hupita na kwisha. Sisi hatukwisha. Na mwendo ulikuwa wa goti la mama: hatua, pumzi, hatua. Mwenda pole hajikwai.

Tribini ilijengwa kwenye mzunguko, upande wa ziwa, chini ya turubai. Mkuu wa mji alisimama mbele, kofia imenyooka, glavu nyeupe mikononi. Alikuwa ameshapandisha mkono wa saluti kabla hajajua ni kundi gani, maana ndivyo wakubwa wanavyofanya, husalimu bango kabla ya kulisoma. Mama alipofika sawa naye, nilivuta pumzi na kupaza sauti niliyoifanyia mazoezi siku kumi na tano.

“Kichwaaa... kulia!”

Hakuna kichwa kilichogeuka.

Nilitaka kugeuza changu niwaoneshe mfano, na hapo ndipo nilipogundua. Kamba ya mzigo iko kwenye paji la uso. Gunia zima linaning'inia kwenye paji hilo. Ukigeuza shingo kidogo tu, mzigo unakuvunja. Siku zote kumi na tano tulifanya mazoezi mikono mitupu! Nikapaza sauti tena, kwa ujinga, kana kwamba amri ya pili ingefungua kamba. Mama aliendelea mbele, macho kwenye lami. Nami nyuma yake, macho kwenye lami. Tulikuwa tunampita mtu mkubwa kuliko wote mjini bila kumpa hata jicho moja.

Nilisikia bendi peke yake, hakuna aliyeshangilia. Nikajisemea, leo tumekwisha.

Kisha mwanamke mmoja, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, nilimjua kwa sauti yake ya kukwaruza, akapiga ukelele kutoka ukuta wa posta:

“Bamama bamekataa kumuangalia!”

Na bulevari ikalipuka. Vigelegele vilitoka mlimani mpaka ziwani. Watu walipiga bati, walipiga sufuria, walirusha kofia. Vijana walishuka kwenye michikichi na kukimbia kando yetu wakiimba. Wanawake wa makundi yaliyokwisha kupita walirudi kutushangilia. Walidhani tumefanya kwa makusudi. Mji mzima, uliokuwa umeinamisha kichwa miaka kadhaa mbele ya kila mwenye bunduki, uliamini kwamba wanawake hamsini wenye chumvi wameamua kutomtazama mkubwa. Mimi ndiye niliyejua kwamba ni kosa langu la mazoezi. Nilifunga mdomo wangu, na wanaonijua wanajua hilo ni jambo la nadra.

Mkuu wa mji hakuweza kushusha mkono. Bango limeshaingia, kundi linapita, na saluti hushuka kundi likiisha. Tulipita. Bendi ilimaliza wimbo wake, ikauanza upya, wapiga tarumbeta wakabadilishana pumzi. Tulipita. Msaidizi wake mmoja alishuka kwenye tribini, akatembea pembeni ya mama na kumnong'oneza, “Mama, harakisha kidogo, mukubwa iko nachoka.”

“Shefu,” mama akamjibu bila kugeuka, “shika weye hii gunia, njo niharakishe.”

Walio karibu walisikia, wakapokezana maneno hayo kwa vicheko mpaka yakafika sokoni kabla yetu. Mimi nilikuwa nimeshapita; walionifuata ndio walioona kiwiko cha mkuu kinatetemeka. Nyuma yangu walikuwa bado wanawake wengi sana. Nisamehewe, nilifurahi kila mmoja wao alipokanyaga.

Mzee wa duka alikuwa mlangoni mwa ghala lake kama alivyoahidi. Alipokea gunia la mama kwa mikono yake mwenyewe. Magunia yote yalifika, yote mazima, yote makavu, na yeye alisimama katikati ya chumvi yake akitikisa kichwa na kumtaja Mungu. Sisi tuliketi chini na kunyoosha miguu. Wengine walicheka, wengine walilia, na mimi nilifanya yote mawili.

Jioni mwalimu wa hesabu alikuja nyumbani, uso umemsawajika. Alikuwa ameitwa ofisini. Tukajua sasa mambo yamekuja. Alikaa, akanywa maji, akatueleza. Ofisini waligombana mchana kutwa. Wengine walitaka tufungwe. Lakini kumfunga mtu kwa kubeba mzigo ambao agizo lilimwambia aubebe, siku ya wanawake, mji mzima ukiwa bado unaimba barabarani, ilikuwa vigumu. Na wakati wanabishana, redio ya mji ikasoma habari zake. Mtangazaji, sijui kwa woga au kwa akili, alisema mkuu wa mji amewapa wanawake wabebaji heshima ambayo hawakuwahi kupewa na utawala wowote, akawapigia saluti mmoja mmoja, na mizigo yao mgongoni, kwenye bulevari. Watu wakaanza kufika ofisini kumshukuru. Mwalimu alisema mkuu aliwapokea, kwanza akiwa amenuna, kisha akianza kuzoea, na mwishoni akisema kwamba, naam, yeye amekuwa akiwajali wabebaji siku zote.

“Sasa tangazo ya njia iko namna gani?” mama akauliza.

“Hakuna mutu ameitaja,” mwalimu akajibu. “Haijafutwa. Haijasemwa.”

Kwa hiyo kesho yake ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Hapakuwa na bendi wala bango. Kulikuwa na mzigo wa mahindi bandarini, na mvua ya usiku ilikuwa imejaza mto. Mama alivuta kamba kwenye paji, akatangulia, tukamfuata. Kizuizini alikuwepo askari yuleyule. Mti ulikuwa umelazwa njiani. Mama hakugeuka kulia na hakusimama, kwa sababu mbebaji hasimami. Alikuwa anakwenda moja kwa moja kwenye mti ule, hatua, pumzi, hatua, na mimi nyuma yake.

“Mama, unaenda wapi?” askari akauliza.

Nikajibu mimi.

“Shefu, jana mukubwa yako alitupigia saluti. Redio imesema. Weye leo utatufungia?”

Alitutazama, akatazama nyuma yake kwenye bulevari tupu, kama mtu anayetafuta wa kumuuliza. Hatua tatu zilibaki. Hatua mbili. Akainua mti juu, akaushika hivyo kwa mikono yote miwili mpaka wa mwisho wetu akapita. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyetugeuza tena. Rangi ya nguzo ilibadilika, wakuu wakabadilika, na bulevari tuliendelea kuipita.

Tulifikisha mahindi, tukatua, tukakunja kamba zetu kurudi Kalundu kwa mzigo wa pili. Njia ya nyuma hata ukirudi mtupu unarudi kwa mstari, ni nyembamba, na popote pengine desturi yetu ilikuwa mkubwa atangulie. Bulevari ni pana. Tulipofika karibu na benki nilimwona mama amepunguza mwendo, nikapunguza na mimi, kwa desturi, nisimpite. Akasimama kabisa. Akanipungia mkono nije pembeni yake. Nikaja. Tukatembea bega kwa bega katikati ya lami, migongo imenyooka, mbuzi wakitupisha.

Baada ya kitambo alinitazama, akatazama tena, juu mpaka chini, akashangaa kabisa.

“Kumbe umenipita urefu,” akasema. “Tangu lini?”